Mdudu wa Miguu Sita

Profesa Snezhina Doychinova alikuwa na tabia ya kushika karatasi ya mwanafunzi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Siku hiyo soksi ilikuwa yangu.

"Rangel, hii ni nini?"

"Ni Zh, Profesa."

"Zh? Mimi naona mende aliyekanyagwa."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, maana kusema kweli hakukosea. Katika herufi zetu thelathini za Kibulgaria, hakuna yenye vurugu kama hiyo. Ina nguzo moja katikati, mkono na mguu upande huu, mkono na mguu upande ule. Ukihesabu ncha zote unapata sita. Ukikosea mguu mmoja herufi inachechemea, na neno zima linachechemea nayo. Mimi nilikuwa nimeichora mara sita, na mara zote sita ilichechemea kwa mtindo mpya.

Kazi yetu ya mwaka ilikuwa moja tu, kila mtu abuni fonti yake mwenyewe. Herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, nukta, mkato, kila kitu. Halafu uitumie kwenye karatasi moja ya kweli.

"Sitaki bango la tamasha," Profesa alituambia. "Sitaki menyu ya mgahawa wa binamu yako. Nataka mtu mwenye shida ya kweli na karatasi ya kweli ukutani. Mpita njia aisome, aelewe, aende zake, wala asijue kama kulikuwa na herufi. Herufi nzuri ni kama hewa. Ukianza kuiona hewa, ujue kuna kitu kinaungua."

Akanigeukia mimi.

"Tarehe ishirini na tatu Mei, saa tatu asubuhi. Ukiniletea mende, nakupa mbili."

Kwetu alama ya juu ni sita, na mbili ni kufeli. Somo hilo nilishapata mbili mara mbili. Ukifikisha mara ya tatu chuo kinakupa mkono wa kwaheri, na mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ni msanii.

"Na mzaha mmoja tu, Rangel," akaongeza. "Mmoja, hata mdogo kama kiroboto. Hiyo tarehe hutaiona."

Hapo alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia nilitengeneza vibao vya milango ya ofisi zote, vizuri kabisa, nafasi kati ya herufi nimepima kwa rula, ila vyeo nilivichanganya kidogo. Bawabu nilimpa cheo cha mkuu wa chuo. Wiki mbili watu wakawa wanampelekea fomu, naye anasaini. Wanafunzi wanasema mambo hayajawahi kwenda haraka vile.

Sasa, mchana nilikuwa nafanya kazi kwenye stesheneri ya Mzee Penyo, chini ya kilima, pale njia ya mawe inapokata kona. Mzee Penyo anachapa chochote, kadi za harusi, vitabu vya risiti, "mbwa amepotea". Lakini kinachomweka mjini ni matangazo ya vifo. Kwetu Plovdiv mtu akifa anabandikwa. Karatasi moja yenye picha, jina na maneno machache inakaa mlangoni kwake, kwenye nguzo ya taa, kituo cha basi. Siku ya arobaini anabandikwa tena, nusu mwaka tena, mwaka tena. Kuna marehemu mtaani kwetu wanaonekana sasa kuliko walipokuwa hai. Na mlango wa kioo wa Mzee Penyo ndio kama gazeti. Hakuna anayepita bila kusimama kusoma nani kaondoka.

Wote wanaondoka kwa fonti moja, ile iliyokuja na kompyuta yake. Nyembamba, imebanana, kama watu wameshikilia pumzi.

Siku moja katikati ya Mei akaingia bibi mmoja mdogo wa umbo, mgongo umenyooka kama fimbo ya bendera, mkoba mkononi.

"Nataka tangazo la kifo."

"Pole sana, Bibi," nikasema. "Marehemu ni nani?"

"Mimi."

Mzee Penyo akatoa kichwa nyuma ya printa. "Zhechka! Unaumwa?"

"Naumwa na herufi zako, Penyo. Nimepita hapo mlangoni nikamsoma marehemu Kolyo. Yule mtu alikuwa na kilo mia na ishirini, umemwandika kwa herufi za njaa! Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nane. Nusu ya mtaa huu wanaandika majina yao kwa sababu yangu. Nife, nibandikwe ukutani kwa uchafu ule? Watoto wangu watanisoma watanicheka."

"Watoto wako wana miaka hamsini."

"Ndio wabaya zaidi. Wanajua."

Mzee Penyo akaninyooshea kidole. "Huyu hapa anasomea herufi. Mwaka wa nne wa kozi ya miaka mitatu. Ongea naye."

Bibi Zhechka Shtereva akanipima kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe ndiye uliyemfanya bawabu mkuu wa chuo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Alisaini fomu ya pensheni ya mpwa wangu. Haya, mjukuu wangu, nionyeshe unavyoandika jina langu."

Nikajua nimepata mtu wangu. Shida ya kweli, karatasi ya kweli, ukuta wa kweli. Nikajua pia nimekwisha, kwa sababu jina lake linaanza na yule mdudu. Nikamwonyesha.

Akaisogeza karatasi mbali na macho. "Huyu kagongwa na gari."

"Profesa wangu anasema kakanyagwa."

"Profesa wako ana huruma. Kesho njoo kwangu saa nane. Leta penseli, wembe na adabu."

Nikawa naenda kila siku. Anakaa ghorofa ya tatu, jikoni kuna meza yenye kitambaa cha plastiki, na kabla hujakaa unapewa kijiko cha jamu ya tini mbichi na glasi ya maji baridi. Ukimaliza unapewa daftari la mistari, kama mtoto wa miaka saba.

"Chora."

Nikachora. Akanipiga kofi la mkononi.

"Unaanza na miguu! Ndio maana anachechemea. Huyu siyo mdudu. Huyu ni mtu amesimama wima, na kila upande ameegemewa na mtu mwingine. Asiposimama yeye, wote chini. Anza na yeye."

Nikaanza na nguzo.

"Sasa wale wawili. Wamguse, wasimlalie. Ona hapa katikati ulivyojaza giza! Mistari yote ikikutana pamoja bila kupunguzwa, pale katikati panakuwa na doa. Wape nafasi wapumue."

Profesa aliniambia jambo hilohilo mara sita, kwa maneno marefu zaidi na bila jamu. Sijui kwa nini siku hiyo liliingia. Niliandika kurasa nne za Zh, ulimi nje. Bibi Zhechka alikuwa anakaa dirishani anachambua maharage, anasikiliza hatua za Bibi Mincha wa ghorofa ya nne.

"Unamsikia? Anatembea kama ng'ombe ili nijue yupo."

"Mmegombana?"

"Miaka kumi na moja. Maji yalivuja, dari yangu ikaoza. Anasema maji yalikuwa yangu, yalipanda juu. Maji yapande juu! Na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wake kusoma, wote watatu, na yule wa mwisho alikuwa gogo kabisa. Andika, usinitazame."

Maneno ya tangazo aliyaandika mwenyewe. Hakutaka "kwa huzuni kubwa" wala "pengo lisilozibika". Yalikuwa hivi:

Zhechka Shtereva, mwalimu wa darasa la kwanza. Kama unaweza kusoma hapa, huenda ni kazi yangu. Msilie. Nyoosheni migongo.

Picha aliyochagua ilipigwa ufukweni akiwa na miaka arobaini, amevaa kofia kubwa, anacheka kitu kilicho nje ya picha.

Hata mpangilio alinifundisha. "Pembeni acha pana. Mtoto akiandika hadi ukingoni, ujue anaharakisha kwenda kucheza. Mimi nimeshacheza."

Zh ya kumi na tisa ndiyo aliyoikubali. Aliitazama kwa miwani, akaitazama bila miwani, akaiweka karatasi kwenye friji akaitazama akiwa mlangoni. Halafu akanipa kijiko cha pili cha jamu, na kwake kijiko cha pili hakipatikani hivihivi.

Tarehe ishirini na mbili, siku moja kabla ya hukumu yangu, nilikuwa peke yangu dukani. Mzee Penyo alikuwa ameenda kung'olewa jino. Nikapanga ukurasa mzima. Picha juu, jina, maneno. Lakini chini palikuwa wazi, pale panapokaa tarehe na saa ya kumuaga marehemu. Bibi alikuwa ameniambia hiyo sehemu iachwe tupu, hana haraka. Ila ukurasa bila tarehe ni kama uso bila nyusi, huwezi kujua kama ni mzuri. Tena tarakimu zangu zilikuwa mpya, nilitaka kuziona. Nikainua macho kwenye kalenda ya ukutani, nikaandika ya siku hiyo. Chini yake nikaweka "tutamuaga nyumbani kwake, saa kumi jioni", ili tu mstari ujae vizuri.

Nikachapa. Na Profesa alikuwa ametufundisha kwamba ukurasa hautazamwi mezani. Unaubandika ukutani, unarudi nyuma hatua kumi, unafumba jicho moja. Ukuta wa karibu ulikuwa ule mlango wa kioo. Nikabandika kwa selotepu, nikavuka barabara, nikahesabu hatua kumi, nikafumba jicho.

Jamani, ilikuwa nzuri! Jina limesimama, hakuna anayechechemea. Nilisikia furaha hadi tumboni, na tumbo likanikumbusha kwamba halijala kitu tangu asubuhi. Nikafunga mlango nikaenda kwenye kona kununua banitsa ya moto, ule mkate wetu wa jibini, na chupa ya boza, kinywaji cha nafaka. Pale kona kulikuwa na wenzangu wawili wanacheza tavla, mchezo wa dadu na kete, kwenye benchi. Nikasema mchezo mmoja. Mji wetu haupendi mtu mwenye haraka. Tulicheza mitano.

Karatasi ilikuwa mlangoni. Niliisahau kabisa, kama mtu anavyosahau miwani iliyo puani.

Nilirudi dukani saa kumi kasoro dakika ishirini. Mzee Penyo alikuwa amesimama nje, shavu limevimba, macho mekundu, kitambaa cheusi mkononi, suti ya harusi yake mwenyewe mwilini.

"Uko wapi wewe? Tunachelewa!"

"Wapi?"

"Kwa Zhechka. Saa kumi. Si umechapa mwenyewe?"

Nikatazama mlango. Karatasi haikuwepo.

"Mzee Penyo, karatasi iko wapi?"

"Nimeitoa nikatoa kopi arobaini. Nimebandika mtaa mzima, kituo cha basi, sokoni, shuleni. Bure, Rangel. Kwa Zhechka sichukui hata senti." Akajipangusa macho kwa kile kitambaa. "Kazi nzuri umefanya, mwanangu. Nimesoma pale mlangoni nikalia kama mtoto, na siyo jino."

"Mzee, hajafa!"

"Tulia."

"Hajafa! Nilikuwa nabuni! Nilitaka kuona tarakimu!"

Akanishika bega kwa upole. "Rangel, leo siyo siku ya mizaha yako."

"Kwani umempigia simu?"

"Nani anampigia simu marehemu?"

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya kuwa mtu mwenye heshima zake. Nilikimbia njia nzima nikipiga kelele kwamba Bibi Zhechka yu hai, na kila mtu alinitazama kama wanavyomtazama mbwa aliyeingia kanisani. Kwenye nguzo ya kwanza nikachana tangazo. Mama mmoja akanipiga na mwavuli.

"Unachana mwalimu wangu, mshenzi wewe!"

"Mama, ni ya uongo!"

"Ya uongo? Imeandikwa vizuri hivi?"

Siku nyingine ningemwomba anirudie hayo maneno nirekodi.

Uani kwa Bibi Zhechka palikuwa pamejaa. Watu thelathini na kitu, wengine vipara, wengine na wajukuu, kila mmoja ameshika maua. Mawili, manne, sita. Kwetu idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya wafu, aliye hai hupewa moja, matatu, matano. Bakuli la ngano ya kuchemsha lenye sukari juu, chakula chetu cha msiba, lilikuwa limeshawekwa kwenye benchi. Na katikati alikuwa Bibi Mincha wa ghorofa ya nne, ameshika maua sita mekundu, analia kwa sauti ya kusikika hadi mtoni.

"Nilimwonea! Mnisikie wote! Maji yalikuwa yangu! Bomba langu lilipasuka, nikaona aibu, nikasema ni lake! Miaka kumi na moja! Zhechka wangu, maji yalikuwa yangu!"

"Nilijua!" ikatoka sauti juu.

Wote uani wakainua vichwa. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu alisimama Bibi Zhechka, amevaa gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja, ametoka usingizini. Huwa anavua vifaa vyake vya kusikia anapolala mchana. Siku hiyo alisahau kuvua kimoja.

Mtu mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Mzee Penyo akakaa chini, moja kwa moja juu ya ngano.

"Mmekuja kufanya nini nyote hapo?" akauliza Bibi. "Na wewe Mincha, hayo maua si ya kwenye chungu changu pale mlangoni?"

Bibi Mincha akayatazama yale maua kama ndio kwanza anayaona. "Nilikuwa na haraka," akasema.

"Nyoosheni migongo! Nakuja."

Naapa, watu thelathini wazima, mmoja wao jaji mstaafu, wakanyoosha migongo.

Nilidhani huo ndio mwisho wa mabaya. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua.

"Rangel. Niambie siyo wewe."

Profesa Doychinova alikuwa amesimama na mawaridi manne meupe, wanja umemchuruzika hadi kidevuni. Katika miaka minne sikuwahi kujua kwamba uso ule una maji ndani yake.

"Ni mimi, Profesa."

"Nilikwambia mzaha mmoja tu."

"Siyo mzaha, Profesa. Nilibandika mlangoni nikarudi hatua kumi, kama ulivyotufundisha. Halafu nikaenda kula."

"Ukaenda kula." Alisema taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mwanamke aliyenifundisha kusoma. Nimelia kwenye basi mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kesho usije, Rangel. Usijisumbue kabisa."

Nilikuwa nafikiria nitamwambia nini mama yangu, na yeye atawaambia nini majirani, ndipo Bibi Zhechka akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti juu ya gauni la kulalia, na midomo ameshaipaka rangi.

"Nani anamfokea mjukuu wangu uani kwangu?" Akasogea, akakaza macho. "Subiri kwanza. Snezhi? Wewe si Snezhina, benchi la tatu, karibu na jiko?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Profesa.

"Mbona unalia?"

"Nilidhani... Nilisoma kwamba umefariki."

"Ulisoma wapi?"

"Kituo cha basi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Sikuamini."

"Mara tatu," akasema Bibi. "Na herufi zilikuwaje?"

Nikaona jambo linampita Profesa usoni polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na ndio kwanza amezigusa.

"Sikuziona," akasema.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza kwa akili.

Akafungua mkoba. Alikuwa na kopi moja ndani, ameikunja vizuri mara mbili, aliitoa kituoni ili abaki nayo. Akaikunjua, akavaa miwani, akaileta karibu na pua. Watu wote uani wakasubiri, ingawa hawakujua wanasubiri nini.

"Hii Zh ni ya saba?"

"Ya kumi na tisa, Profesa."

"Nani alikwambia uanze na nguzo?"

Nikamwonyesha Bibi kwa kidevu.

"Sasa angeanza na nini?" akasema Bibi Zhechka. "Hata wewe ulianza na miguu. Hadi darasa la pili, watu wa Mungu, huyu hapa alikuwa anaandika jina lake, na yule mdudu wa katikati amelala chali, miguu juu, kama kafa! Nikamweka jikoni kwangu wiki mbili. Jamu alimaliza mitungi mitatu."

Jaji mstaafu akacheka kwanza, halafu uani kote. Profesa akawa mwekundu hadi masikioni, na mimi nikatazama viatu vyangu kwa heshima kubwa.

"Watu thelathini na sita," Profesa akasema mwishowe. Alikuwa amehesabu, hawezi kuacha. "Wamesoma, wameelewa, wamekuja saa iliyoandikwa, na hakuna hata mmoja aliyeona herufi. Na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe." Akakunja karatasi. "Kesho saa tatu. Lete seti nzima. Na mguu wa kushoto wa chini, upunguze upana wa unywele mmoja."

"Ndiyo, Profesa."

"Na hiyo tarehe uitoe."

"Imeshatoka, Profesa."

"Unywele mmoja, siyo miwili," akadakia Bibi Zhechka. "Na wewe Snezhi, futa uso, unafanana na punda milia."

Kisha akaanza kazi. Alipita kwa kila mtu, mmoja mmoja, na kwenye kila shada akachomoa ua moja. Mawili yakabaki moja, manne yakabaki matatu, sita yakabaki matano. "Haya sasa ni ya mtu hai," akasema. "Keshokutwa ni sikukuu ya herufi, siku ya maua kwa walimu, mngeniletea tu. Mmewahi siku mbili." Alipofika kwa Bibi Mincha akasimama muda mrefu. Akachukua yale sita ya kwenye chungu chake mwenyewe, akachomoa moja akamrudishia yeye.

"Dari utaipaka chokaa wewe," akasema.

"Nitaipaka."

"Nyeupe."

"Nyeupe, Zhechka."

Yale aliyoyachomoa kwa wengine akanibwagia mimi mikononi, maana hakuwa na pa kuyaweka. Nikayahesabu. Thelathini na nne, maana Mzee Penyo alikuja na kitambaa tu. Nikapiga hesabu upesi, kwa mbili yanagawanyika.

Nikachomoa moja nikampa Profesa, ambaye mawaridi yake matatu alikuwa ameshayalaza benchini kwa ajili ya Bibi. Akalitazama, akanitazama, akaelewa. Akabaki na moja, mimi nikabaki na thelathini na tatu, wote tukawa wazima.

Kesho yake alinipa tano. Nilimuuliza ya sita iko wapi. Akasema iko kwenye tarakimu zangu, hasa ile nane, inafanana na mtu aliyefunga mkanda baada ya karamu. Shahada yenyewe bado sijamaliza, kuna mtihani wa historia ya sanaa ambao mimi nao tunakwepana mtaani. Lakini kwenye mlango wa Mzee Penyo sasa marehemu wote wanaondoka kwa herufi zangu, na yeye anasema hata wanaonekana wamenenepa.

Bibi Zhechka ana kopi zake ishirini kabatini, chini ya mashuka, pale pa tarehe pako wazi. Kila Mei anashuka dukani, anakaa, anavaa miwani.

"Nimekaa nikafikiria," anasema. "Ile nane. Bado hujairekebisha?"

"Bado, Bibi."

"Basi, sina haraka."